Bei ya Miaka Miwili



Nitazungumzia biashara iliyofanyika Desemba 2012 katika mchezo ambao wengi wetu hatukuucheza utotoni. Viongozi wa timu zote za ligi kuu ya besiboli ya Marekani walikuwa wameagana siku chache tu nyuma mjini Nashville, kwenye mkutano wao wa kila majira ya baridi, pale Kansas City Royals ilipotangaza kwamba imebadilishana wachezaji na Tampa Bay Rays. Kansas City ilimtoa Wil Myers, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 22. Mwaka huo, katika timu za daraja la chini, Myers alikuwa amepiga mipira 37 nje ya uzio, na magazeti ya besiboli yakamtaja kuwa mchezaji bora wa madaraja hayo nchi nzima. Pamoja naye walikwenda warushaji wawili chipukizi, Jake Odorizzi na Mike Montgomery, na mpigaji mmoja aliyekuwa bado mbichi, Patrick Leonard. Kutoka Tampa Bay walikuja warushaji James Shields, aliyekuwa anaikaribia miaka 31, na Wade Davis. Baadaye akaongezwa mchezaji wa akiba, Elliot Johnson.

Wachambuzi wengi walimrukia Dayton Moore, meneja mkuu wa Kansas City. Walimwona kama mtu aliyeuza shamba ili afanye harusi. Shields alikuwa na miaka miwili tu kwenye mkataba wake, na baada ya hapo angeondoka kwenda kokote anakotaka. Myers angekaa miaka sita, pengine karibu saba, kwa mshahara mdogo. Hesabu ya kawaida kabisa ilionyesha kwamba Kansas City imepunjwa.

Mimi nadhani hesabu ile ilikuwa sahihi na hukumu haikuwa sahihi, na ningependa kueleza mambo hayo mawili yanakaaje pamoja. Hoja yangu ni moja. Timu mbili zinapobadilishana wachezaji wakati wa mapumziko ya msimu, mezani kunawekwa miaka. Majina ya watu yanaandikwa juu yake, lakini kinachopimwa ni miaka mingapi, ya nani, na itaanza lini. Mwaka mmoja hauna thamani ileile kwa kila timu.

Lazima kwanza nieleze mtambo wenyewe unavyofanya kazi, maana sisi tumelelewa na soka. Kwetu dirisha la usajili likifunguliwa, Simba inamtaka mtu, Yanga inamtaka huyohuyo, pesa zinatajwa, na mchezaji mwenyewe yumo mezani, anakubali au anakataa. Besiboli ya Marekani haiendi hivyo. Klabu mbili hupatana zenyewe, kisha mchezaji hupigiwa simu na kuambiwa aripoti mji mwingine. Aliyelala mchezaji wa Kansas City huamka mchezaji wa Tampa Bay, mkataba wake umehamishwa pamoja naye, na hakuna aliyemwuliza.

Mtu mmoja alikataa. Curt Flood alikuwa ameichezea St. Louis Cardinals misimu 12 na kutwaa nayo ubingwa mara mbili, mwaka 1964 na 1967. Oktoba 1969 aliambiwa amepelekwa Philadelphia. Flood, Mmarekani mweusi aliyekuwa akijua vizuri maana ya binadamu kuhamishwa na mwenye mali, alikwenda mahakamani. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na mwaka 1972 akashindwa kwa kura 5 dhidi ya 3. Msimu wa 1970 hakucheza kabisa, na baada yake hakudumu uwanjani. Lakini mlango aliougonga ulifunguka kwa wengine: kuanzia 1973 mchezaji aliyetimiza miaka 10 kwenye ligi, na mitano ya mwisho akiwa na timu moja, anaweza kukataa kubadilishwa, na Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru kutafuta timu nyingine. Kila mkataba wa mamilioni mnaousikia leo umepita juu ya mgongo wa Flood. Siwezi kuzungumza juu ya mabadilishano kwa utulivu wa mhasibu bila kumtaja.

Katika mapatano yaliyofuata ndipo ikapatikana ngazi inayotumika mpaka sasa. Kijana akipanda ligi kuu, klabu yake inammiliki kwa misimu sita kamili. Ile mitatu ya mwanzo analipwa kiasi kile klabu inachotaka, mradi kisipungue kima cha chini, ambacho mwaka 2013 kilikuwa dola 490,000. Tusidanganyike na ukubwa wa namba hiyo; mrushaji mzuri aliye huru hulipwa mara 20 au 30 yake. Mitatu inayofuata, wakishindwa kuelewana juu ya mshahara, wanapelekwa kwa wasuluhishi. Baada ya hapo ndipo mchezaji anakuwa huru. Mwaka mmoja wa kazi unahesabiwa kuwa siku 172 kwenye orodha ya ligi kuu, na msimu una zaidi ya siku 180. Mnaona mwanya? Klabu ikimwacha kijana daraja la chini wiki mbili za mwanzo, siku zake hazitoshi, na inajipatia mwaka wa saba. Chicago Cubs ilifanya hivyo kwa Kris Bryant mwaka 2015: aliitwa msimu ukiwa na siku 12, akamaliza mwaka akiwa na siku 171. Alilalamika rasmi, na malalamiko yake yakatupwa mwaka 2020. Tampa Bay nayo haikumwita Myers mpaka tarehe 18 Juni 2013.

Kwa hiyo miaka ya kijana ni mali, na ni mali ya bei rahisi. Ndiyo maana klabu yoyote iliyofunzwa hesabu haitaki kuiachia. Wakati ule, mwaka 2012, mafundisho hayo yalikuwa yameenea kila ofisi ya besiboli. Ukitaka kuonekana una akili, unakusanya vijana na kuuza wazee. Moore alifanya kinyume, na alifanya hivyo akiwa katika mji ambao, kwa mtazamo wa kawaida, haukuwa na haki ya kufanya kinyume.

Kansas City, katika jimbo la Missouri, ni mji wenye historia kubwa ya besiboli kuliko ukubwa wake. Hapo ndipo walipokuwa Kansas City Monarchs, timu ya Wamarekani weusi zama za ubaguzi, aliyoichezea mrushaji Satchel Paige, na ambayo Jackie Robinson aliichezea mwaka 1945 kabla ya kuvunja ukuta wa rangi. Royals yenyewe ilianza 1969 na ikatwaa ubingwa 1985. Kisha giza. Kati ya 2002 na 2006 ilipoteza mechi 100 au zaidi katika misimu minne kati ya mitano. Moore aliajiriwa kutoka Atlanta katikati ya mwaka huo wa 2006, akaanza na vijana: katika uteuzi wa vijana wa kila mwaka Mike Moustakas akachaguliwa 2007, Eric Hosmer 2008, Salvador Perez akasajiliwa kutoka Venezuela, Yordano Ventura kutoka Jamhuri ya Dominika. Alex Gordon alikwisha kuwapo.

Halafu kulikuwa na Zack Greinke. Mwaka 2009 alikuwa mrushaji bora wa ligi yake, katika timu mbovu. Alichoka, akataka kuondoka, na Desemba 2010, akiwa amebakiza miaka miwili, Moore alimpeleka Milwaukee. Alirudishiwa wanne: Alcides Escobar, Lorenzo Cain, Jeremy Jeffress na yule Jake Odorizzi niliyemtaja mwanzo. Hapa Kansas City ilikuwa muuzaji wa miaka miwili. Milwaukee, iliyoinunua, ilishinda kundi lake 2011 na kufika hatua moja kabla ya fainali kuu. Katikati ya 2012 mambo yalipoharibika ikamuuza Greinke kwa Los Angeles Angels. Miaka miwili ya mtu bora haikufaa kitu Kansas City mwaka 2010, maana hao wengine wote walikuwa bado shuleni, kama tuseme. Milwaukee ilikuwa tayari.

 

Sasa rudini Desemba 2012. Msimu ulikuwa umeisha Kansas City ikiwa imeshinda mechi 72 na kupoteza 90. Tampa Bay ilishinda 90 na kupoteza 72, kioo kabisa. Timu yenye 90 inamtoa mrushaji wake hodari, na timu yenye 72 inamchukua! Ukiangalia namba hizo tu, kila kitu kimegeuzwa kichwa chini. Lakini Tampa Bay ilikuwa na warushaji wa kumwaga, akiwemo David Price aliyetoka kutajwa bora wa ligi mwaka huohuo, na haikuwa na pesa za kuwalipa wote; ilichokosa ni mpigaji atakayekaa muda mrefu. Kansas City ilikuwa na wapigaji waliokwisha panda: Hosmer, Moustakas, Perez, Gordon, Cain, Escobar. Saa zao zilikuwa zimeanza kuhesabika. Siku 172, siku 172 nyingine. Na kila jioni walikuwa wanaingia uwanjani nyuma ya mrushaji asiyeweza kuwapeleka awamu ya sita kati ya tisa za mechi.

Hilo ndilo Moore aliloliona na wengi hawakuliona. Alikuwa na mali ya miaka kwa watu sita wakati mmoja, na miaka hiyo ilikuwa inaungua. Kumwongeza Myers kungempa mpigaji wa saba mzuri na ushindi wa mechi 78 pengine. Alichokosa ni warushaji, na hakuanza na Shields. Oktoba tayari alikuwa amemchukua mrushaji Ervin Santana kutoka Angels, na Novemba akamwongezea mkataba Jeremy Guthrie, miaka mitatu kwa dola milioni 25. Shields alikuwa wa tatu. Mtu anayepanga upya warushaji watatu wa mwanzo katika majira ya baridi yaleyale anajua saa ni ngapi.

Nimesema hesabu ya wakosoaji ilikuwa sahihi, na mwaka 2013 ulionekana kuithibitisha. Myers alichaguliwa mchezaji mpya bora wa ligi yake. Tampa Bay ilishinda mechi 92 na kuingia mtoano. Kansas City ilishinda 86, msimu wake wa kwanza tangu 2003 wa kushinda zaidi ya kupoteza, lakini ikabaki nje. Wade Davis alijaribiwa kama mrushaji wa kuanza mechi akaangukia pua. Mwaka mmoja kati ya ile miwili ulikuwa umekwisha.

Mwaka wa pili Davis aliondolewa kwenye kazi ya kuanza na kupewa awamu moja, ya nane, usiku baada ya usiku. Ninataka kukaa hapa kidogo. Mrushaji wa kuanza anatakiwa kuwakabili wapigaji walewale mara tatu, na mara ya tatu wanakuwa wamemzoea. Mpe awamu moja, atarusha kwa nguvu zake zote na hakuna atakayemwona mara mbili. Davis mwaka 2014 alirusha awamu 72 na kuruhusu pointi moja tu kwa wastani wa kila awamu 9. Hakuna mpigaji hata mmoja aliyeutoa mpira wake nje ya uzio mwaka mzima. Kelvin Herrera alimtangulia katika awamu ya saba, Greg Holland akamfuata katika ya tisa, na mpinzani aliyekuwa nyuma baada ya awamu ya sita alikuwa na sababu ya kwenda kutafuta basi mapema.

Je, Moore alijua? Siamini. Davis aliletwa awe mrushaji wa kuanza. Kushindwa kwake ndiko kulikomfikisha mahali pake. Tukiandika historia ya mabadilishano yale tukampa Moore sifa ya kumjua Davis wa 2014, tutakuwa tunamtungia. Alichokuwa nacho ni timu iliyokuwa tayari kufaidika na bahati ikija, na hicho ni kitu kikubwa zaidi ya watu wanavyodhani. Davis yuleyule katika timu inayopoteza mechi 100 angekuwa mapambo.

Usiku wa tarehe 30 Septemba 2014, Kansas City ilicheza mechi yake ya kwanza ya mtoano baada ya miaka 29. Mpinzani Oakland, mechi moja tu, anayefungwa anakwenda nyumbani. Shields alianza. Alikuwa na jina la utani, James wa mechi kubwa, na usiku huo jina lilimwelemea. Alitolewa awamu ya sita, na aliyemrithi, Ventura, akaruhusu mpira wa pointi tatu. Oakland ikaongoza 7 kwa 3 mpaka awamu ya nane. Tena Oakland nayo ilikuwa na mtu aliyepatikana kwa mabadilishano: Jon Lester, aliyenunuliwa Julai kwa kumtoa mpigaji wake hatari, Yoenis Cespedes. Miezi miwili ya Lester kwa mwaka na ushei wa Cespedes. Bei kubwa kuliko aliyolipa Moore. Kansas City ikaiba beisi moja baada ya nyingine, ikasawazisha, ikaachwa nyuma tena katika awamu ya 12, na Perez akaipiga pembeni mwa mlinzi wa beisi ya tatu. 9 kwa 8.

Ikawafagia Angels, ikawafagia Baltimore, Cain akatajwa mchezaji bora wa nusu fainali. Fainali dhidi ya San Francisco ilikwenda mpaka mechi ya saba, na ya saba mpaka mtu wa mwisho: Gordon amesimama beisi ya tatu, mita 27 kutoka kusawazisha, Perez akaupiga mpira juu, ukadakwa. 3 kwa 2. Shields alikuwa amepoteza mechi mbili za fainali hiyo. Miaka miwili iliyonunuliwa kwa Myers ikaishia hapo, na Februari 2015 Shields akasaini San Diego, miaka minne kwa dola milioni 75.

Sasa tufunge daftari tuseme Kansas City ilipunjwa? Tungekuwa tumesahau mwaka mmoja. Davis alikuwa bado yupo. Majira yale ya baridi Moore alijaza mapengo kwa pesa kiasi, akamleta mrushaji Edinson Volquez na mpigaji Kendrys Morales, kila mmoja miaka miwili. Watabiri wengi hawakuipa nafasi. Ilishinda mechi 95. Mwishoni mwa Julai Moore akanunua tena, safari hii kwa miezi mitatu tu: Johnny Cueto kutoka Cincinnati kwa vijana watatu warushao kwa mkono wa kushoto, akiwemo Brandon Finnegan, ambaye Oktoba iliyotangulia alikuwa amerusha kwenye fainali kuu miezi minne tu baada ya kuchaguliwa kutoka chuo, na Ben Zobrist kutoka Oakland kwa Sean Manaea na mwingine mmoja. Cueto akarusha mechi nzima ya pili ya fainali dhidi ya New York Mets na kuruhusu mipigo miwili. Holland alikuwa ameumia kiwiko, hivyo Davis akachukua awamu ya mwisho. Tarehe 1 Novemba 2015, New York, awamu ya 12, Davis ndiye aliyemtoa mpigaji wa mwisho.

Harusi, basi, ilifanyika. Inakadiriwa kwamba watu 800,000 walijitokeza kwenye maandamano ya ubingwa, katika jiji ambalo wakati huo halikuwa na wakazi nusu milioni.

Wale waliotolewa walikwenda wapi? Hapa kuna mambo ambayo mtunzi wa riwaya angeambiwa ameyazidisha. Myers alikaa Tampa Bay misimu miwili tu; Desemba 2014 akapelekwa San Diego katika mabadilishano ya timu tatu, na miezi miwili baadaye Shields akamkuta huko, watu wawili waliowahi kuwekwa kwenye mizani mmoja dhidi ya mwenzake sasa wakivaa jezi moja. Montgomery alipitia Seattle akafika Chicago Cubs, na Novemba 2016 ndiye aliyerusha mpira wa mwisho wa fainali iliyomaliza ukame wa Cubs wa miaka 108. Mwaka 2019 akabadilishwa tena, na timu iliyompokea ni Kansas City. Juni 2016 San Diego ilimchoka Shields ikampeleka Chicago White Sox, ikagharimia sehemu kubwa ya mshahara wake, ikapewa mrushaji mmoja na kijana wa miaka 17 ambaye alikuwa hajacheza hata mechi moja rasmi ya kulipwa. Kijana huyo ni Fernando Tatis Jr. Mwaka 2021 alisaini mkataba wa miaka 14, dola milioni 340.

Davis naye, akiwa amebakiza mwaka mmoja, alipelekwa Cubs Desemba 2016 kwa Jorge Soler aliyekuwa na minne. Soler akapiga 48 nje ya uzio mwaka 2019, akaongoza ligi yake. Julai 2021 Kansas City ikamtoa Atlanta kwa mrushaji mmoja wa daraja la chini, na Oktoba na Novemba hiyo Soler akawa mchezaji bora wa fainali kuu. Timu tatu zimetwaa ubingwa na mguu mmoja ukiwa katika mkataba wa Desemba 2012, na Tampa Bay, iliyosifiwa kwa werevu siku ile, haimo.

Hata hivyo sisemi Tampa Bay ilikosea. Ilipata mtoano 2013, ikapata miaka ya Odorizzi, na hakuna mtu Nashville aliyeweza kumwona Tatis, aliyekuwa na miaka 13. Minyororo hii ni ya kufurahisha kusimulia, lakini haimhukumu yeyote. Meneja anahukumiwa kwa kile alichoweza kukijua siku ile.

Kwa kipimo hichohicho Moore ana deni. Julai 2017 Hosmer, Moustakas na Cain walikuwa wamebakiza miezi miwili kila mmoja. Kansas City ilikuwa inapigania nafasi kwa mbali, na badala ya kuwauza ilinunua warushaji kutoka San Diego. Ikamaliza na ushindi 80 na vipigo 82. Hosmer alikwenda San Diego kwa miaka minane, Cain akarudi Milwaukee alikotoka, na mwaka 2018 Kansas City ikapoteza mechi 104, uliofuata 103. Fidia ilikuwa nafasi za ziada za kuchagua vijana, ambazo hazikuzaa walichotarajia. Watu wa Kansas City niliowasoma wanamsamehe kwa jambo hili. Wanasema watoto wale walistahili kumaliza pamoja. Mimi simsamehi. Mtu aliyejua saa ni ngapi mwaka 2012 alikuwa na saa ileile mkononi mwaka 2017, akaamua kutoitazama. Alifutwa kazi Septemba 2022.

Kuna njia nyingine, na ninaipitia haraka kwa sababu inanichosha: kupoteza kwa makusudi. Cubs ilipoteza 101 mwaka 2012, Houston 111 mwaka 2013, kila moja ikilimbikiza vijana na kupata nafasi za mbele za uteuzi, zilizokuwa zikipewa timu mbovu, na zote zikawa mabingwa, 2016 na 2017. Ligi ilichukia jambo hilo kiasi cha kuanzisha bahati nasibu ya nafasi za uteuzi, iliyochezeshwa kwa mara ya kwanza Desemba 2022. Mashabiki waliolipa kiingilio kwa miaka mitatu kuangalia timu isiyotaka kushinda hawakurudishiwa chochote.

Vipigo 104 vya Kansas City, ambavyo sidhani vilikuwa vya makusudi, vilileta nafasi ya pili ya uteuzi wa 2019, na nafasi hiyo ikamleta Bobby Witt Jr. Mwaka 2023 timu ikapoteza 106. Meneja mpya, J.J. Picollo, alikuwa na mchezaji mmoja wa ajabu ambaye miaka yake imeanza kuungua, yaani hali ileile ya Moore katika umbo dogo. Hakuwa na Myers wa kuuza. Alitumia pesa: zaidi ya dola milioni 100 kwa wachezaji huru, wakiwemo warushaji Seth Lugo kwa miaka mitatu na Michael Wacha kwa miwili. Februari 2024 akanunua miaka ya Witt mwenyewe, 11, kwa dola milioni 288. Timu ikapanda kutoka ushindi 56 mpaka 86, ikaitoa Baltimore katika mtoano na kufungwa na Yankees. Namba 86 ni ileile ya 2013, ila safari hii ilitosha.

Novemba 2024 Picollo alifanya mabadilishano yake makubwa ya kwanza baada ya mafanikio hayo. Alimpeleka Cincinnati mrushaji Brady Singer, akapewa Jonathan India, mpigaji, na mchezaji mmoja wa pembeni, Joey Wiemer. Singer alikuwa amebakiza miaka miwili. India naye miwili. Ukiwatazama hao wawili, hoja yangu ya jioni nzima inapata shida: miaka iko sawa, saa za timu zote mbili zinakaribiana, kila mmoja amempa mwenzake anachokizidi na kuchukua anachokikosa, kama wafanyabiashara wa kawaida. Wanafunzi wa uchumi mlioko nyuma mtaniambia hiyo ndiyo biashara halisi na kwamba ile ya 2012 ilikuwa kamari. Najua mnalo swali hilo, nawaona mmeshainua mikono. Tuanze na wewe dada, hapo karibu na dirisha.